Parokia Hufungwaje? Habari za Kanisa Katika Mara ya Kaskazini

Mkusanyo wa sheria za Kanisa Katoliki wa mwaka 1983, katika kanuni ya 515, umempa askofu peke yake mamlaka ya kuunda parokia, kuibadili au kuifuta, ilimradi kwanza ameisikiliza halmashauri ya mapadri wake. Maneno hayo ni machache, na ayasomaye akiwa mbali na altare aweza kudhani kuwa parokia huzaliwa kwa waraka na kufa kwa waraka. Historia ya nchi iliyo baina ya Mto Mara na mpaka wa Kenya yatoa ushahidi mwingine. Huko kulikuwa na parokia zilizoikaribia hatari ya kufungwa pasipo askofu yeyote kutia saini na pasipo mtu kugeuza ufunguo. Milango ilikuwa wazi, kengele ililia kila Jumapili, padri alikuwapo. Waliopungua ni watu.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa, kwa kuwa wapenzi wa lugha hawapiti neno bila ya kuligonga wakasikia lina mlio gani. Parokia latokana na Kiyunani, paroikia, maana yake makazi ya mgeni, mtu akaaye kando ya wenyeji pasipo kuwa na nchi yake hapo. Wakristo wa zamani walilichukua neno hilo kwa sababu walijiona wapita njia duniani. Karne zilivyokwenda maana ikapinduka: parokia ikawa mipaka, ramani, nyumba ya mawe na daftari la ubatizo. Chini ya parokia, katika Kiswahili cha Kanisa, kuna kigango, yaani mahali pa sala palipo mbali na makao ya padri, penye kanisa dogo au banda tu, na katekista wake. Msomaji wa Pwani atashtuka kidogo hapo, maana kwa Wamijikenda kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa na cheo katika chama cha gohu. Neno ni moja. Huku lasimamisha kumbukumbu ya waliokufa, kule lakusanya walio hai. Mtunzi anayetafuta mada asipite njia nyingine.

Mwaka 1911 yalitukia mambo mawili yasiyojuana. Karibu na Musoma, mahali paitwapo Nyegina, Wamisionari wa Afrika, waliofahamika zaidi kwa jina la Mababa Weupe, walifungua misioni iliyokuwa ya kwanza ya Kikatoliki katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Musoma. Na mwezi Juni wa mwaka huo huo, mjini Roma, Papa Pius wa Kumi aliidhinisha shirika jipya la wamisionari wa Marekani ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Maryknoll. Mmoja wa waasisi wake wawili, James Anthony Walsh, alikuwa padri wa jimbo la Boston. Miaka 35 ilipita kabla mikondo hiyo miwili haijakutana Musoma, na miaka mingine karibu 60 kabla Boston haijarudi katika habari hii kwa njia ambayo Walsh asingeiota.

Mababa Weupe walikuwa wameingia bara kwa mlango wa Pwani. Kundi lao la kwanza lilifika Unguja mwishoni mwa Mei 1878, na tarehe 17 Juni likaondoka Bagamoyo kwa miguu pamoja na wapagazi wake, njia ile ile ya pembe na ya watumwa. Kiswahili walikipata njiani, kwa wapagazi na kwa wafanyabiashara, na walipofika ikulu ya Kabaka Mutesa mwaka 1879 walikikuta huko kimetangulia. Wapwani walikuwa wamekwisha kumfundisha Mutesa habari za Uislamu, akafunga Ramadhani miaka kadhaa. Kisha katikati ya miaka ya 1870 akawageuka na kuwaua vijana Waislamu wa ikulu yake waliokataa kuuweka utii kwa Kabaka mbele ya utii kwa Mungu. Mashahidi wa Buganda, basi, hawakuanza na Wakristo, na si haki historia hiyo kusimuliwa kana kwamba walianza nao.

Novemba 1882, hali ilipokuwa mbaya katika ikulu, mapadri wote waliondoka Rubaga. Wakavuka ziwa kuelekea kusini, mwishowe wakatua Bukumbi, karibu na Mwanza. Kadinali Lavigerie, mwasisi wao, alikuwa ameweka kanuni kwamba mtu afundishwe miaka minne ndipo abatizwe, kwa hiyo waliobatizwa walikuwa wachache, na wengi wa wanafunzi waliachwa nusu ya njia. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuadhimisha misa. Kwa kipimo chochote cha sheria, hapo hapakuwa na parokia tena. Lakini ndani ya ikulu Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana, akawafundisha aliyoyajua na kuwabatiza waliokaribia kufa. Huko Mityana, Matia Mulumba na Luka Banabakintu wakafanya kama hayo majumbani mwao. Mapadri waliporudi mwaka 1885, baada ya Mwanga kurithi kiti, waliwakuta watu wengi kuliko waliowaacha. Kabla ya mwaka huo kwisha Balikuddembe alikuwa ameuawa, wa kwanza katika Wakatoliki 22 waliotangazwa watakatifu mwaka 1964.

Kisa hicho hutajwa sana kwa ajili ya damu iliyomwagika, na ni sawa. Kile kipindi cha miaka mitatu isiyo na padri hakitajwi sana, na hicho ndicho chenye kuhusika na Mara.

Kwa maana misioni zilipoenea katika nchi ya ziwa, zilijengwa kwa namna nyingine kabisa. Nyegina, na baadaye Kowak katika nchi ya Wajaluo, iliyofunguliwa miaka ya 1930, zilikuwa miji midogo: kanisa, nyumba ya mapadri, shule, dawa, karakana, bustani, matofali yakichomwa na mbao zikipasuliwa. Mwenye kutaka dini alikwenda misioni, na mwenye kutaka kusoma alikwenda huko huko. Mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama alikuwa mmoja wao. Alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943 na kuchukua jina la Julius, akiwa tayari kijana wa miaka 21 aliyekuwa amejifikiria vya kutosha.

Mwaka 1946 mapadri wa Maryknoll walifika Musoma kuwapokea Mababa Weupe kazi, na hiyo ikawa safari yao ya kwanza barani Afrika. Mwaka 1957 Musoma ikawa jimbo kamili, na askofu wake wa kwanza akawa mmoja wao, John James Rudin. Wamarekani walikuwa na nguvu, fedha za waumini wa kwao, magari na haraka ya kujenga. Parokia zikaongezeka kaskazini ya mto, kwa Wakurya na kwa Wajaluo, na kusini yake kwa Wazanaki, Wangoreme na Waikoma. Mwaka 1955, Nyerere alipokuwa ameacha ualimu wa Pugu kwa ajili ya siasa na hana mshahara, alifanya kazi kwao kwa muda, akimfundisha padri Arthur Wille Kizanaki na kutafsiri mafundisho ya dini. Mazoea hayo ya kulichukua neno la dini na kulitafutia makao katika lugha nyingine hayakumtoka. Alipokuwa mzee alizitia Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika bahari ya utenzi, kazi iliyochapishwa mwaka 1996. Mzanaki akiisimulia Injili kwa mizani ya Pwani: wahakiki wa ushairi hawajalitendea jambo hilo haki yake, pengine kwa kuwa wa dini huona ni ushairi, na wa ushairi huona ni dini.

Ikafika miaka ya 1960. Kwa hesabu za ofisini, mambo yalikuwa mazuri: waliobatizwa wengi, shule nyingi, majengo imara. Nje ya hesabu, nchi ya Wajaluo ilikuwa ikichemka. Kwa zaidi ya nusu karne Wajaluo wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wameonyesha kuwa hawangoji ruhusa ili kuanzisha kanisa. Yohana Owalo, aliyepita katika Ukatoliki na katika Uislamu, alianzisha Nomiya mwaka 1914. Wafuasi wa Roho walitoka katika Anglikana na kiongozi wao, Alfayo Odongo Mango, aliuawa mwaka 1934. Kisha mwaka 1963, huko Kenya, ndani ya Wakatoliki wenyewe, likazuka kundi lililoongozwa na Simeo Ondetto na mwanamke kijana, Gaudencia Aoko, aliyekuwa amefiwa na watoto wake wawili kwa siku moja. Aoko alizunguka vijijini akiombea wagonjwa na kubatiza umati. Kundi lao likaitwa Legio Maria, kwa jina lililochukuliwa kutoka chama cha sala cha Kikatoliki kilichoanzia Dublin mwaka 1921, na mara likavuka mpaka kuingia Mara ya Kaskazini. Lina kinaya chake pia: wakati Roma ilipoanza kukiacha Kilatini katika misa, Legio walikishika, na wameendelea nacho katika ibada zao.

Mapadri wa parokia za Kowak, Masonga, Ingri na Nyarombo, zilizo katika eneo ambalo tangu mwaka 2007 ni Wilaya ya Rorya lakini siku hizo lilikuwa Tarime, waliona viti vikipungua watu. Ilikuwa rahisi kulaumu. Ungeweza kusema watu wamepotoshwa, au wanapenda ngoma na miujiza, au ni wavivu wa mafundisho. Lugha ya namna hiyo ilikuwapo tele katika misioni za Afrika, na bado haijakwisha. Lakini huko walichagua jambo la busara zaidi, nalo ni kuuliza. Mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Ufaransa, Marie-France Perrin Jassy, alifanya utafiti miongoni mwa makanisa hayo ya kujitegemea ya Wajaluo wa Mara ya Kaskazini, na matokeo yake yakatoka katika kitabu kwa Kifaransa na halafu, mwaka 1973, kwa Kiingereza.

Aliyoyakuta yanaweza kusemwa kwa maneno mepesi. Watu hawakuondoka kwa ugomvi wa imani. Waliondoka kwenda mahali wanapojulikana kwa jina. Kanisa la kujitegemea lilikuwa la majirani: mtu akiugua, kundi linafika jioni hiyo hiyo, akifiwa, hawamwachi peke yake, mwanamke aliye mjane au tasa, ambaye katika ukoo hana sauti, huku aweza kuombea, kuongoza na kutabiri. Kila mmoja alikuwa na cheo au kazi, hata kama ni ya kushika msalaba. Kwenye misioni, upande mwingine, mtu alitembea mwendo mrefu, akakaa katika umati, akasikiliza, akarudi. Akikosa kuja miezi mitatu, padri hana njia ya kujua.

Kutokana na fikira hizo, tangu mwaka 1966 yalianza majaribio katika eneo hilo, hasa Nyarombo. Badala ya kuwavuta watu kuja kituoni, parokia ilivunjwavunjwa kuwa vikundi vya majirani waliokutana nyumbani kwa mmojawapo. Wajaluo wakaviita chama, neno la Kiswahili walilolikuta limezoeleka kwa shughuli nyingine na kulipa kazi mpya. Katika chama walisoma Injili, wakatazama nani mgonjwa, nani ana deni, nani wamegombana, nani atamlimia mzee fulani. Viongozi walichaguliwa na wenyewe. Padri alikuwa mgeni wao. Neno la Kiyunani, bila ya mtu kukusudia, lilikuwa limerudi kwenye maana yake ya kwanza, isipokuwa sasa mgeni wa mahali alikuwa ni padri.

Kwingine nako watu walikuwa wakifikiri kama hayo. Maaskofu wa Kongo walikwisha kuzungumza habari za jumuiya hai katika mkutano wao wa mwaka 1961. Hata hivyo, kwa Afrika Mashariki, vyama vya Nyarombo vilikuwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa. Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi na kuamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya za namna hiyo, na mwaka 1976 wakakutana tena kwa ajili ya jambo hilo hilo. Ndipo likaenea jina ambalo kila Mkatoliki wa Tanzania analijua leo: jumuiya ndogo ndogo.

Uamuzi huo ulifika kwa wakati. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilikuwa imezichukua shule za misioni, na kwa hivyo uzi mnene uliowafunga watu na kituo ukakatika. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya kuhamia vijijini, ambayo katika Mara ilikwenda kwa nguvu na kwa haraka. Kaya zilizokuwa zimetawanyika kwenye vilima zikasukumwa kwenye mistari ya vijiji vipya, na vigango vilivyojengwa kwa miaka vikabaki porini. Parokia iliyokuwa imetegemea majengo ingekufa hapo. Iliyokuwa imejifunza kukutana katika ua wa mtu ilihama pamoja na ua. Yafaa kukumbuka kwamba aliyekuwa akiihamisha nchi ni yule yule aliyebatizwa Nyegina, na kwamba Oktoba 1970 alikuwa amekwenda New York kuwaambia masista wa Maryknoll kuwa Kanisa lisiposimama upande wa maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza halitakuwa na maana kwa watu. Wengine waliona jumuiya ndogo ndogo ni ujamaa uliovishwa kanzu. Kufanana kulikuwapo, hata na mabalozi wa nyumba kumi wa TANU, na viongozi wa pande zote mbili wakati mwingine walikuwa mtu mmoja.

Hapa simulizi nyingi za Kanisa huishia kwa shangwe. Ukweli una kona zaidi. Panda kutoka ziwani hadi nyanda za juu za Tarime, kwa Wakurya, na ujirani ni jambo lingine. Huko mtu hukaa na ukoo wake: Wanchari na Wanchari, Warenchoka na Warenchoka, Wanyabasi na Wanyabasi. Jumuiya ya majirani, basi, huwa ni jumuiya ya ukoo mmoja, na siku ng'ombe wanapoibwa na mishale ikatoka, watu wa jumuiya mbili za parokia moja huwa katika safu mbili zinazotazamana. Mapigano ya koo huko yamerudia mara nyingi, na mwaka 2009 yalikuwa makali kiasi kwamba serikali ilianzisha kanda maalumu ya polisi ya Tarime na Rorya. Dawa iliyowafaa Wajaluo haikutosha. Huko kilichohitajika ni kile kikubwa: mahali pasipokuwa pa ukoo wowote, penye ua ambao Mnchari na Mrenchoka wote wawili wana haki ya kuukanyaga. Katika nchi ya namna hiyo, kuifunga parokia kungekuwa kuliondoa daraja, hata kama kila ng'ambo ingebaki na sala zake.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi kila msimu wa ukeketaji, ambao kwa Wakurya huja mwishoni mwa mwaka, shule zikiwa zimefungwa, na baada ya wazee wa mila kutoa neno. Msichana anayekataa hana pa kukimbilia ndani ya ukoo, kwa kuwa ukoo ndio unaomdai; na jumuiya yake, yenye shangazi zake na wake za wajomba, haiwezi kumficha hata ikitaka. Tangu mwaka 2008 pale Masanga, Tarime, kituo cha Kikatoliki kimewapokea wasichana wa namna hiyo kwa mamia na kuwahifadhi mpaka msimu upite. Mugumu, katika Serengeti, nyumba kama hiyo ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Waanglikana. Atakayeuliza kuna faida gani ya kuwa na kanisa kubwa lenye uzio na lango, ilhali watu wanaweza kusali chini ya mwembe, jibu lake lilikuwa likilala ndani ya uzio huo.

Jumuiya zenyewe nazo zilipata maradhi yao. Kilichozaliwa ili mtu ajulikane kiligeuka, katika parokia nyingi za Tanzania, kuwa daftari la mahudhurio na michango. Mtu akitaka ndoa au ubatizo wa mwanawe huulizwa kwanza: jumuiya yako ipi, na mwenyekiti wako anasemaje? Akifa naye alikuwa haonekani, wafiwa huweza kuambiwa padri haji. Kanisa lililokuwa limejifunza kwa Legio Maria kumfuata mtu nyumbani likamrudisha mtu mlangoni, na jirani ndiye akawa bawabu. Hilo ni jambo la kusikitisha kuliko kupungua kwa viti, kwa kuwa kiti kitupu angalau hakimzuii mtu kukikalia.

Na Boston? Jimbo alilotoka Walsh, mojawapo ya majimbo yaliyotoa fedha na vijana kwa ajili ya misioni za ng'ambo, mwaka 2004 lilitangaza kufunga parokia zaidi ya 60. Mapadri walikuwa wamepungua, watu wamehamia vitongoji vya mbali, fedha zimekwenda, na kashfa za mapadri waliowadhulumu watoto zilikuwa zimeivunja imani ya wengi. Katika mji wa Scituate, kando ya bahari, waumini wa kanisa la Mtakatifu Frances Xavier Cabrini walikataa kutoka. Walipanga zamu, mchana na usiku, ili jengo lisikose mtu hata saa moja, kwa kuwa likikaa tupu kufuli litabadilishwa. Walikesha miaka 11. Waliongoza sala wenyewe, watoto wakakulia katika zamu hizo, wazee wakafia ndani yake. Waliandika Roma, wakashindwa. Wakaenda mahakamani, na Mei 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri lao. Mwisho wa mwezi huo walitoka. Huko Cleveland, Ohio, ambako askofu alikuwa amefunga au kuunganisha parokia 50 kati ya mwaka 2009 na 2010, mambo yaligeuka kinyume: Machi 2012 Roma iliamua kwamba katika parokia 13 utaratibu haukufuatwa, na makanisa yakaanza kufunguliwa tena. Kanuni ile ile ya 515, na halmashauri ile ile ya mapadri isiyosikilizwa ipasavyo, iliwapa watu walichokuwa wakikililia.

Hapana mizani ya kupima watu wa Scituate na watu wa Nyarombo, wala hapana haja. Lakini inafaa kuona kwamba wale wa Scituate, walipofungiwa, walijikuta wakifanya yale yale yaliyofanywa Rubaga mwaka 1882: walei wanaongoza sala bila ya padri, wakijuana kwa zamu zao na kupelekeana chakula. Parokia waliyokuwa wakiipigania kortini walikuwa wameiunda ndani ya zile zamu, na wengine wao wamesema hawakuwa wamefahamiana hivyo kabla ya kufukuzwa. Walichokosa ni jengo, na jengo si kitu kidogo; humo walizikwa wazazi wao na kuolewa mabinti wao. Anayewaambia kwamba Kanisa ni watu na si matofali ana sharti awe amewahi kuyapoteza matofali yake.

Mara haijafikia huko. Nyegina ilitimiza miaka 100 mwaka 2011, na askofu wa kwanza Mwafrika, Antony Mayala, alikuwa amekwisha kuichukua Musoma tangu mwaka 1979. Novemba 2010 sehemu ya jimbo ilikatwa kuunda Jimbo jipya la Bunda, si kwa kupungua bali kwa kuzidi. Wamaryknoll wamekuwa wakizikabidhi parokia moja baada ya nyingine kwa mapadri wenyeji, na mapadri wa Tanzania sasa huonekana katika majimbo ya Marekani na Ulaya, wakisoma misa mbele ya wazee wachache katika makanisa yaliyojengwa kwa ajili ya mamia. Mapadri hao wanatoka katika nchi ambayo bado haina mapadri wa kutosha. Kigango cha Serengeti, ndani kabisa ya nchi ya Wangoreme, humwona paroko wake kwa zamu. Jumapili nyingine zote katekista ndiye afunguaye mlango, husoma masomo ya siku, huongoza sala za waamini, kisha hutoa matangazo: nani mgonjwa, nani amefiwa, sadaka ya juma lililopita ni kiasi gani, na jumuiya ipi ina zamu ya kufagia kanisa Jumamosi ijayo.